Neno Unalolijua Ndilo Litakalokuponza: Kufasiri Istilahi za Sheria na Fedha kutoka Kiingereza kwenda Kihispania

Mfasiri akikutana na neno asilolijua hufungua kamusi, na hapo hatari ni ndogo. Balaa huanzia kwenye neno analodhani analijua. Akiona "execute", vidole vinaandika "ejecutar" vyenyewe. Akiona "billion", vinaandika "billón". Sentensi inatoka safi, sarufi haina kasoro, mhariri anapitisha, na kosa linalala humo hadi siku pande mbili zitakapogombana.

Chukua mstari unaofunga mikataba mingi ya Kiingereza: "In witness whereof, the parties have executed this Agreement as of the date first above written." Tafsiri ya haraka, iwe ya mtu au ya mashine, huja hivi: "En testimonio de lo cual, las partes han ejecutado este acuerdo a partir de la fecha arriba escrita." Kila neno limepata mwenzake. Lakini mwanasheria wa Madrid au wa Bogotá akiusoma mstari huo ataelewa kwamba mkataba umeshatekelezwa: fedha imelipwa, mzigo umefika, hakuna anayemdai mwenzake. Kwake yeye "ejecutar un contrato" ni kuutimiza, ilhali Kiingereza kilikuwa kinasema tu kwamba watu wametia saini. Pia "a partir de" inaanzisha kipindi kuanzia siku hiyo na kuendelea, wakati "as of" hapa inataja siku tu. Na "acuerdo" ni makubaliano ya namna yoyote, hata maazimio ya kikao cha bodi huitwa hivyo; hati yenyewe ni "contrato". Mhispania angeandika: "Y en prueba de conformidad, las partes firman el presente contrato en la fecha indicada en el encabezamiento." Ukilinganisha neno kwa neno utadhani hizo ni sentensi mbili tofauti, lakini kazi yake ni ileile.

Kazi ndiyo kipimo. Neno la sheria au la hesabu huanzisha deni au hulifuta, humpa mtu haki au humnyang'anya. Anayefasiri istilahi hatafuti neno linalofanana kwa sura. Anauliza neno hili linafanya nini kule lilikotoka, kisha anatafuta kule liendako ni kitu gani kinachofanya hivyo, kama kipo.

Kihispania cha nchi gani?

Hili ndilo swali la kwanza kumuuliza mteja, kabla hata ya kuuliza hati ina kurasa ngapi. Kihispania ni lugha rasmi katika nchi 20, ukiacha Puerto Rico, na kila nchi ina bunge lake, mahakama zake na vitabu vyake vya sheria. Kanuni ya madai, yaani kitabu kikuu cha sheria za mikataba, mali na mirathi, ya Chile ni ya 1855, ya Hispania ni ya 1889, na Argentina ilianza kutumia kanuni mpya kabisa mwaka 2015. Kiswahili cha sheria kinagawanyika kidogo tu tukilinganisha na hapo.

"Board of directors" peke yake inatosha kuonyesha. Hispania na Meksiko ni "consejo de administración". Argentina, Chile na Peru ni "directorio". Kolombia na Panama ni "junta directiva". Mjumbe wa bodi Hispania ni "consejero"; ukimwita "director" msomaji wa huko atamwona meneja aliyeajiriwa. Mkutano wa wanahisa Hispania ni "junta general", Meksiko na Argentina ni "asamblea". Sasa fikiria mfasiri anayechanganya: ukurasa wa pili "junta directiva", ukurasa wa tano "consejo", ukurasa wa tisa "directorio". Msomaji makini ataanza kujiuliza kampuni hii ina bodi ngapi.

Wapo wateja watakaokujibu kwamba wanataka Kihispania cha kati, kinachoeleweka kote. Kwa kipeperushi au mwongozo wa kutumia simu, sawa. Kwa mkataba, Kihispania hicho hakipo, na ni afadhali mfasiri aseme mapema. Mteja akishindwa kutaja nchi, chagua moja, iandike kwenye barua ya kukabidhi kazi, ubaki nayo toka mwanzo mpaka mwisho.

Swali la pili ni matumizi. Je, tafsiri ni ya kumsaidia mtu kuelewa hati ya Kiingereza, au ni hati itakayosimama yenyewe chini ya sheria ya nchi ya Kihispania? Kabla hujagusa sentensi ya kwanza, nenda moja kwa moja kwenye kifungu cha sheria inayotawala, ambacho kwa kawaida kimejificha karibu na mwisho. Kikisema mkataba unatawaliwa na sheria ya jimbo la New York, basi istilahi zote zinabeba maana ya New York hata zikivaa nguo za Kihispania. Hapo huna ruhusa ya kuzihamisha kwenda sheria ya Meksiko kwa sababu tu msomaji yuko Meksiko.

"Consideration" ndiyo mtihani wa jambo hili. Katika sheria ya Kiingereza ni kile ambacho kila upande unatoa ili ahadi ya mwenzake ipate nguvu. Bila hicho, ahadi ya kawaida haimfungi mtu. Kanuni ya madai ya Hispania, ibara ya 1261, inadai vitu vitatu ili mkataba uwepo: ridhaa, jambo lenyewe linalohusika, na "causa". Wengi huona "causa" imekaa mahali palepale wakaifanya mbadala. Si sahihi. Kwa Wahispania hata ukarimu wa mtu unaotoa bure ni "causa" halali, wakati sheria ya Kiingereza huiona ahadi ya bure kuwa haina "consideration". Neno salama ni "contraprestación", yaani kile kinachotolewa kwa kubadilishana. Na kama mkataba unajadili uhalali wake wenyewe, ongeza maelezo mafupi kwamba ni sharti la sheria ya Kiingereza. Kwa upande mwingine, ile sentensi ndefu inayoanza "for good and valuable consideration, the receipt and sufficiency of which is hereby acknowledged" mara nyingi ni mapambo ya kisheria. Ifasiri kwa ukamilifu, lakini usiitafutie ladha.

Pale ambapo hakuna kitu cha namna hiyo

"Trust" imewatesa wafasiri kuliko neno jingine lolote ninalolifahamu katika fani hii. Mtu anakabidhi mali kwa mwingine aishike kwa faida ya mtu wa tatu. Mshikaji ni mwenye mali kisheria, mfaidika ni mwenye mali kwa haki. Umiliki huu wa tabaka mbili haupo katika mifumo ya Kihispania. Amerika ya Kusini na Meksiko walitunga chombo cha kwao, "fideicomiso", ambacho Meksiko kimo katika sheria ya 1932 kuhusu hati na miamala ya mikopo. Kinafanya kazi kwa jirani sana, kwa hiyo "fideicomiso" kwa msomaji wa Meksiko inakubalika. Hispania ni habari nyingine. Huko neno hilo linamrudisha mwanasheria kwenye mirathi: mrithi wa kwanza anayetakiwa kuitunza mali na kuipitisha kwa mrithi wa pili. Hispania haikujiunga na Mkataba wa The Hague wa 1985 kuhusu "trust". Kwa msomaji wa Hispania, acha "trust" kwa herufi za mlazo, ieleze mara moja pale inapotajwa kwanza, na usiifasiri.

Hatari ya pili iko kwenye majina ya watu watatu wa mpango huo. Kwa Kihispania cha Meksiko, anayetoa mali ni "fideicomitente", anayeishika ni "fiduciario", anayefaidika ni "fideicomisario". Mfasiri aliyechoka saa sita usiku anaona "trustee", anaona "fideicomisario" inafanana na "fideicomiso", anaiandika. Ameshamkabidhi mfaidika kazi ya mshikaji, na mshikaji amepewa faida yote. Argentina wamezidi: wana "fiduciante", "fiduciario", "beneficiario", halafu "fideicomisario" ni yule atakayepokea mali mpango ukiisha. Kiswahili hakitusaidii hapa, maana "mdhamini" wetu ni mshikaji wa mali, ni anayemwekea mwenzake dhamana, na ni anayelipia jezi za timu.

"Dhamana" yenyewe, kwa kweli, ni mwalimu mzuri. Neno moja linamtoa mshtakiwa rumande, linaweka nyumba benki, na hati za serikali za kukopa nazo huitwa hivyo. "Bond" ya Kiingereza ina tabia hiyohiyo, na Kihispania kinaivunja: ya mwekezaji ni "bono" au "obligación", ya mshtakiwa ni "fianza", ya mkandarasi anayeahidi kumaliza jengo ni "garantía de cumplimiento" au "fianza de cumplimiento". "Security" nayo ni "valor" ikiuzwa sokoni, "garantía" ikilinda mkopo. "Debenture" ndiyo ya kuchunga zaidi: hati ya Marekani ni deni lisilo na dhamana, hati ya benki ya Uingereza kwa kawaida ndiyo yenyewe inayoweka mali za kampuni dhamana. Ukiandika "obligación" bila kuangalia hati imetoka ng'ambo ipi ya bahari, nusu ya mara utakuwa umekosea.

Kuna kipengele kimoja kinachostahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kinafichua tafsiri mbovu mara moja. Mikataba ya ujenzi na ya teknolojia hupenda kusema kwamba anayechelewa atalipa kiasi fulani kwa siku "as liquidated damages and not as a penalty", yaani kama fidia iliyokubaliwa mapema na si kama adhabu. Mwandishi wa Kiingereza anajilinda: mahakama za Kiingereza hukataa kutekeleza adhabu ya mkataba iliyopita kiasi, na kipimo chake kiliandikwa upya na Mahakama ya Juu ya Uingereza mwaka 2015. Mfasiri anafungua kamusi ya istilahi, anaona "liquidated damages" ni "cláusula penal", anaandika, na sentensi inageuka kuwa "como cláusula penal y no como pena", yaani kama kipengele cha adhabu na si kama adhabu. Kichekesho. Wengine huandika "daños liquidados", ambayo Mhispania anaisoma kama madhara yaliyokwisha kulipwa. Andika "en concepto de indemnización pactada por daños y perjuicios, y no como pena". Kisha kumbuka kwamba ukielekea sheria ya Hispania, jaji anaweza kupunguza kiasi hicho pale wajibu ulipotimizwa kwa sehemu, kwa ibara ya 1154. Na kanuni ya madai ya shirikisho ya Meksiko hairuhusu kiasi hicho kuzidi thamani ya wajibu wenyewe. Hayo si kazi ya mfasiri kuyarekebisha, lakini mwanasheria wa mteja atashukuru akiyaona kwenye maelezo ya pembeni.

"Without prejudice" ni kinyonga. Katikati ya sentensi ni "sin perjuicio de", na hapo mambo ni mepesi. Juu ya barua ya mazungumzo inamaanisha kwamba barua hiyo isije ikatumika kuwa ushahidi. "Sin perjuicio" peke yake juu ya barua haimwambii Mhispania chochote, kwa hiyo andika kirefu kwamba ni mawasiliano ya siri ya mazungumzo yasiyoweza kutolewa kama ushahidi. Na kesi ikifutwa "without prejudice", maana yake mdai anaweza kuifungua tena. Tafsiri lazima iseme kwamba uamuzi huo hauzai "cosa juzgada", yaani haufungi shauri moja kwa moja.

"Default" vivyo hivyo: "incumplimiento" kwa aliyevunja mkataba, "rebeldía" kwa asiyefika mahakamani. "Mora" ni ucheleweshaji, na katika kanuni ya Hispania kwa kawaida huanza pale mdai anapodai, kwa hiyo "event of default" usiiite "mora" kwa mazoea. "Sentence" ya jinai ni "condena" au "pena". "Sentencia" ni hukumu nzima. "Magistrate" wa Uingereza mara nyingi ni raia asiyesomea sheria; "magistrado" wa Hispania ni jaji wa ngazi ya juu.

Fedha: mizania moja, misamiati mitano

Watu hudhani hesabu ni rahisi kwa sababu tarakimu hazifasiriwi. Tutazifikia tarakimu. Kwanza "equity".

Kwenye mizania, "equity" ni kinachobaki baada ya kutoa madeni kwenye mali. Hispania, kwa mpango wa uhasibu wa 2007, ni "patrimonio neto". Usiandike "fondos propios" huko, maana hiyo ni sehemu tu ya "patrimonio neto". Meksiko ni "capital contable". Kolombia na Chile, "patrimonio". Ukitoka kwenye mizania, "equity market" ni soko la hisa, "mercado de renta variable" au "de acciones". "Private equity" ni "capital riesgo" Hispania na "capital privado" ng'ambo. "Equity" ya mwenye nyumba ni thamani ya nyumba ukishatoa deni la rehani. Na ndani ya hukumu ya mahakama ya Kiingereza, "equity" ni tawi zima la sheria lililokua pembeni ya sheria ya kawaida. "Equidad", neno ambalo mashine hulipenda, linafaa kwa hilo la mwisho tu, na hata hapo linahitaji maelezo. Hati moja ya ununuzi wa kampuni inaweza kubeba tatu kati ya maana hizo. Ndiyo sababu ile amri ya kompyuta ya kubadilisha neno lote kwa mkupuo ni kisu cha kuwili.

"Goodwill" ndiyo ninayoipenda, kwa ubaya wake. Ni ile thamani ya ziada inayolipwa mtu anaponunua biashara: jina, wateja, sifa. Hispania ni "fondo de comercio". Meksiko "crédito mercantil". Argentina "llave de negocio". Tafsiri ya Kihispania ya viwango vya kimataifa vya uhasibu iliyotolewa na taasisi yenyewe inayovitunga inasema "plusvalía". Sasa peleka "plusvalía" Hispania: mhasibu ataelewa faida ya kuuza mali, na mtu wa kawaida atakumbuka kodi ya manispaa anayotozwa akiuza nyumba. Neno sahihi kabisa katika hati moja ni kosa kabisa katika nyingine.

Hapo pana siri ambayo wageni wa kazi hii hawaijui. Viwango hivyo, NIIF kwa kifupi cha Kihispania, vina matoleo mawili ya Kihispania. Moja ni la taasisi inayovitunga, linalotumiwa sana Amerika ya Kusini. Jingine ni la Umoja wa Ulaya, lililochapishwa kwenye gazeti lake rasmi na lenye nguvu ya sheria Hispania. Kiwango cha NIC 16 (IAS 16 kwa Kiingereza), kinachohusu majengo na mitambo, kwenye toleo la kwanza kinaitwa "Propiedades, Planta y Equipo", kwenye la pili ni "Inmovilizado material". Bidhaa zilizoko ghalani ni "inventarios" upande mmoja, "existencias" upande wa pili. Mkaguzi wa hesabu wa Valencia akikuta "propiedades, planta y equipo" hatakosa kuelewa, ila atajua papo hapo kwamba mfasiri hakuuliza nchi.

Kufilisika kunahitaji mkono mwepesi zaidi. Kampuni ya Marekani ikiomba ulinzi wa "Chapter 11", inajipanga upya huku milango ikiwa wazi. Ukiandika "quiebra", msomaji wa Argentina anaona kampuni inafungwa na kuuzwa vipandevipande, kwa sababu sheria yao ya 1995 inatenganisha "quiebra" na "concurso preventivo". Hispania iliunganisha taratibu zake zote mwaka 2003 kuwa "concurso de acreedores", na "quiebra" ikabaki kuwa neno la magazetini. Njia nzuri ni "procedimiento de reorganización del Capítulo 11", pamoja na jina la sheria ya Marekani. Msomaji anajua ni kitu cha nje, na hakichanganyi na cha kwao.

Viwango vya riba navyo. Hispania husema "tipo de interés", Amerika ya Kusini "tasa de interés". "Tasa" Hispania ni pia ada ya serikali. "APR" ya Marekani, yaani gharama ya mkopo kwa mwaka kwa asilimia, usiigeuze kuwa TAE ya Hispania wala CAT ya Meksiko, kwa sababu kila moja inakokotolewa kwa kanuni yake na tarakimu hazilingani. Acha kifupi cha Kiingereza na ueleze: "tasa de porcentaje anual".

Tarakimu

Msemaji wa Kiswahili ana mtego wake binafsi hapa. Bilioni yetu ni milioni elfu moja, kama ya Kiingereza cha leo. "Billón" ya Kihispania ni milioni milioni moja. Kwa hiyo "2.5 billion" ni "2500 millones", na ukiandika "2,5 billones" umeizidisha mara elfu. Akademia ya Kihispania ilikubali "millardo" mwaka 1995, kwa pendekezo la Rafael Caldera, rais wa Venezuela wakati huo, lakini wahasibu wengi bado wanaandika "mil millones" na mimi nawafuata. "Trillion" ya Kiingereza ndiyo "billón". Hakikisha jedwali zima linatumia kipimo kimoja, hasa pale juu panapoandikwa kwamba tarakimu ziko katika mamilioni. Chunga pia "M": kwa mabenki mengine ya Kiingereza M ni elfu na MM ni milioni.

Hispania, Argentina, Chile na Kolombia hutenga desimali kwa mkato. Meksiko, Amerika ya Kati kwa sehemu kubwa na Puerto Rico hutumia nukta. "1.250" ni elfu moja mia mbili hamsini kwa mmoja, moja na robo kwa mwingine. Akademia inaruhusu zote mbili na inashauri nafasi ndogo kutenga maelfu. Nafasi hiyo iwe isiyovunjika, la sivyo tarakimu itakatika mwisho wa mstari. Alama ya "$" ni peso katika nchi nyingi hizo, basi andika USD au "dólares estadounidenses". Tarehe "03/04/2024" kutoka Marekani ni Machi 4. Mhispania atasoma Aprili 3. Andika jina la mwezi, na kama asili haieleweki, uliza.

"Shall" na majina yanayofanana

"Shall" moja ya Kiingereza ina nyuso nne. "The Borrower shall repay" ni wajibu: "deberá reembolsar" au "se obliga a reembolsar". "This Agreement shall be governed by" si wajibu wa mtu: "se regirá por". "Affiliate shall mean" ni ufafanuzi: "se entenderá por". Na "if the Borrower shall fail to pay" ni sharti tu: "si el prestatario no paga". Anayeweka "deberá" kila mahali hutoa mkataba unaoamuru hata fasili zitii.

Istilahi zilizofafanuliwa huandikwa kwa herufi kubwa ndani ya mkataba wa Kiingereza. Sarufi ya Kihispania haipendi hivyo, lakini ziache, kwa sababu herufi kubwa ndiyo inayomwambia msomaji kwamba neno lina maana maalumu humu. Orodha ya fasili iliyopangwa kwa alfabeti ya Kiingereza ipange upya kwa alfabeti ya Kihispania mwishoni kabisa, isipokuwa fasili zina namba. Zikiwa na namba usiziguse, marejeo yote yatavurugika.

"Prestamista" na "prestatario", "arrendador" na "arrendatario": herufi chache tu, na mdai amekuwa mdaiwa. Kiingereza nacho kina "mortgagor", ambaye ndiye anayeweka mali rehani, na "mortgagee", ambaye ndiye mkopeshaji, wengi huwapindua. Kazi ikiisha, pitia hati mara moja ukitafuta majina ya pande tu, bila kusoma kitu kingine. Kisha pitia mara ya pili ukilinganisha tarakimu tu, asili upande mmoja na tafsiri upande wa pili. Mara ya tatu soma Kihispania peke yake, kwa sauti.

Mezani

Orodha ya istilahi ijengwe kabla ya kufasiri, si baada. Safu tano zinatosha: neno la Kiingereza, linafanya nini na kwa sheria ya wapi, Kihispania ulichochagua, nchi, na ulikothibitisha. Safu ya mwisho ndiyo wengi huiruka. Thibitisha kwenye maandishi yaliyoandikwa Kihispania tangu mwanzo: kanuni zenyewe, gazeti rasmi la Hispania au la Meksiko, hesabu za mwaka za kampuni zilizoorodheshwa kwenye soko la hisa la nchi husika. Kamusi ya sheria ya Akademia ya Kihispania, iliyotoka 2017 na inayopatikana mtandaoni bure, ina faida ya kuonyesha nchi. Hazina ya istilahi ya Umoja wa Ulaya, IATE, ni nzuri, ila Kihispania chake kinanuka Brussels na Madrid. Kwa Lima au Guatemala kipime upya. Jozi za sentensi unazozikuta kwenye tovuti za tafsiri ni ushahidi kwamba mtu fulani aliwahi kuandika hivyo, basi.

Kihispania hurefuka, kwa kawaida kama sehemu moja ya tano kuliko Kiingereza. Kwenye mkataba haidhuru. Kwenye jedwali la mizania vichwa vya safu vitakatwa, na kifupisho kitakachobuniwa kwa haraka na msanifu wa kurasa kinaweza kuharibu istilahi uliyoihangaikia siku nzima. Mpe msanifu vifupisho vyako mwenyewe.

Kuhusu "notary public", tahadhari maalumu kwa wanaofasiri kwa ajili ya wasomaji wa Kihispania walioko Marekani. "Notario" wa Meksiko au wa Hispania ni mwanasheria mzito, anayeandaa hati, anayezihifadhi, na neno lake lina uzito wa ushahidi. "Notary public" katika majimbo mengi ya Marekani ni mtu anayethibitisha kwamba aliyetia saini ndiye mwenyewe. Wahamiaji wametapeliwa kwa tofauti hiyo, wakidhani wanamlipa mwanasheria, na Texas na California zinakataza tafsiri ya moja kwa moja "notario público" kwenye matangazo. Ndani ya hati, acha jina la Kiingereza na uliongezee maelezo mafupi ya kazi yake.

Hati ikiwa ya kupeleka mahakamani au ofisi ya serikali, muulize mteja mapema nani anatakiwa kuisaini. Hispania ni "traductor-intérprete jurado" aliyeteuliwa na wizara ya mambo ya nje. Meksiko ni "perito traductor". Argentina ni "traductor público" mwenye shahada na usajili. Muhuri wa mmoja haumtoshi mwingine.

Maelezo ya mfasiri yawe mafupi, sentensi mbili, chini ya ukurasa au ndani ya mabano ya mraba, na yasitoe ushauri wa kisheria. Na asili ikiwa na kosa, kwa mfano imeandikwa "Lender" pale ambapo kila mtu anaona alikusudiwa "Borrower", usiirekebishe kimyakimya. Fasiri kilichoandikwa, kisha kipeleke kwenye orodha ya maswali kwa mteja: namba ya kifungu, maneno yenyewe yalivyo, kinachotia shaka, na matoleo mawili ya Kihispania achague moja. Orodha hiyo itumwe angalau siku mbili kabla ya kukabidhi kazi, maana mwenye jibu huwa ni mwanasheria, na mwanasheria huwa yuko mahakamani.